Keki za chupa za Idi: shajara ya jikoni, Columbus, Ohio

Shaabani 6

Leo nimeanza. Chupa ishirini na nne za kioo zimeoshwa na zimepinduliwa juu ya taulo mezani, zinachuja maji.

Kilichonisukuma ni sahani. Tanga nilikokulia, asubuhi ya Idi sisi watoto ndio tuliokuwa matarishi. Mama anapanga vileja, keki na visheti kwenye sahani, anafunika kawa, na unaambiwa, "Hii kwa Mama Mkubwa, hii nyumba ya bati jekundu, na usikimbie." Sahani hairudi siku ile. Inarudi baada ya siku mbili tatu, na hairudi tupu. Inakuja na maembe, au bokoboko, au angalau kiganja cha sukari.

Jengo letu hapa lina milango kumi na minne ukiutoa wangu. Kuna Wakongo, Wasomali, Wanepali waliotokea Bhutan, na Wamarekani wa hapahapa. Mwaka wa kwanza nilipeleka sahani za udongo, na watu wakaona haya: hawakujua kama ni zawadi au ni ya kurudisha. Mwaka jana nikatumia visahani vya karatasi. Keki ilifika imekauka pembeni na foili imeganda juu ya sukari. Nilipita kugonga milango nikiwa na huzuni, maana chakula kilikuwa kizuri jikoni na kibaya mlangoni.

Aliyenipa wazo la chupa ni bibi wa mlango wa pili, mzaliwa wa Ohio, umri umezidi themanini. Krismasi alinigongea akanipa chupa ya jamu yenye keki ndani, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa cha mirabamiraba. Nilipomwambia nimeipenda, akanifungulia kabati na kunipa katoni mbili za chupa zake: "Chukua, mimi sihifadhi tena matunda kama zamani." Ni zile zenye jina la Ball limechomoza kwenye kioo. Hao Ball walikuwa ndugu watano, na kiwanda chao kilikaa Muncie, Indiana, jimbo la jirani tu na hapa. Kifuniko cha kuzungusha chenyewe ni kazi ya John Landis Mason, aliyepata hataza yake mwaka 1858, ndiyo maana wenyeji huziita chupa za Mason hata kama jina lililoandikwa ni jingine.

Nimechagua zile za mdomo mpana za mililita 473. Kuta zake zimenyooka, hazina mabega, kwa hiyo kijiko kinafika mpaka chini.

Shaabani 9

Jaribio la kwanza, kwa njia ya bibi. Paka siagi ndani ya chupa, mimina rojo la keki mpaka nusu, panga chupa kwenye treya, oka kwa nyuzi 165. Nikaoka chupa sita.

Keki ziliumuka vizuri kiasi cha kunitoa machozi. Kupitia kioo unaona kila kitobo, na rangi inavyobadilika kutoka njano chini hadi hudhurungi juu. Nikazitoa moja moja na kuziweka juu ya kaunta ya mawe. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nilipoitua nikasikia mlio mdogo, kama mtu amevunja kijiti cha meno. Nilipoiinua, kitako kilibaki kaunta. Ufa ulikuwa umezunguka chupa yote kwa chini, mwembamba kama unywele, mviringo kamili.

Nimetupa zote sita. Tano zilionekana nzima, lakini siwezi kumpa mtoto wa jirani keki huku roho inaniambia pengine kuna kipande cha kioo.

Shaabani 10

Nimeelewa kilichotokea. Kioo cha chupa hizi kimetengenezwa kwa ajili ya maji ya moto, chupa inapashwa joto polepole ikiwa imezamishwa. Oveni ni joto kavu, halishiki kila upande kwa usawa, na ukitoka hapo kwenda kwenye jiwe baridi, sehemu moja ya kioo inasinyaa kabla ya nyingine. Bakuli za kioo za kuokea ni kitu kingine kabisa. Watengenezaji wa chupa wenyewe hawashauri ziingie oveni.

Bibi anasema ameoka hivyo miaka arobaini na zimepasuka chache tu. Namwamini. Lakini chache tu zikigawanywa kwenye milango kumi na minne zinanitosha kuninyima usingizi.

Hata hivyo bado nilikuwa na hamu ya kuendelea, nitandike taulo kavu juu ya kaunta, nipoze taratibu. Sababu ya hamu hiyo ni kifuniko. Bibi alinionyesha: keki ikitoka oveni, pale pale inafuka, unaweka kifuniko bapa na kukaza pete. Inapopoa hewa ya ndani inasinyaa, kifuniko kinavutwa chini, kinalia *tik*. Baada ya hapo, alisema, inakaa kabatini miezi. Nikaanza kupiga hesabu: nioke zote Shaabani, niziweke kabatini, na Ramadhani nzima nisiguse unga. Na nimtumie dada yangu Minneapolis kwa posta.

Shaabani 13

Mpango wa kabatini umekufa, na nataka niandike sababu yake kwa kirefu kwa sababu njia hii imeenea sana na wanaoitumia ni watu wema wanaopenda kutoa.

Nilimpigia Mama simu Tanga kumweleza furaha yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, keki si achari."

Nikamuuliza ana maana gani. "Achari ina ndimu, ina chumvi, ina siki. Ndiyo inayolinda. Keki ina mayai na maziwa. Umeifunga humo, nani anailinda?"

Neno hilo lilinikaa. Nikaingia kusoma, na nikaongea na ofisi ya ugani ya chuo kikuu, wanaojibu maswali ya wananchi kuhusu chakula. Jibu lao lilikuwa lile lile la Mama, kwa maneno ya maabara.

Kuna kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum. Mbegu zake zimo kwenye udongo, na kutoka huko zinaweza kuingia kwenye chakula. Zikiwa kwenye hewa hazifanyi kitu. Zikikosa hewa, zikapata unyevu, joto la kawaida la nyumbani na chakula kisicho na ukali wa asidi, zinaamka na kutoa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia. Mpaka wa asidi ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka ukali unazidi): chini ya hapo haziamki, na achari iliyotengenezwa sawasawa iko chini ya hapo. Keki nyingi ziko juu yake.

Basi itazame ile chupa. Hewa imefukuzwa na mvuke, na *tik* niliyoipenda ndiyo inayozuia hewa mpya kuingia. Keki ina unyevu, asidi haina. Na oveni haikuua kitu cha maana, kwa sababu hata ukiiweka nyuzi 175, katikati ya keki hapafiki nyuzi 100 maadamu kuna maji ndani yake. Mbegu zile huhitaji kiasi cha nyuzi 121, joto linalopatikana kwenye sufuria ya presha. Kituo cha taifa cha uhifadhi wa vyakula vya nyumbani kilichoko Chuo Kikuu cha Georgia kimeandika wazi kwamba keki na mikate isifungwe kwenye chupa ikakaa nje ya friji. Na sumu yenyewe haina harufu wala ladha. Keki inaweza kukaa hapo nzuri, laini, inanukia iliki.

Nilikuwa nimeshafunga mbili za majaribio juzi. Nimezitupa zikiwa zimefungwa, ndani ya mfuko juu ya mfuko.

Shaabani 15

Nimekwenda kwa bibi. Nilijizungusha sana kabla ya kugonga, maana unamwambiaje mtu mzima aliyekupa chupa zake kwamba zawadi yake ya miaka arobaini ina hatari?

Nilimpelekea chai ya maziwa kwanza. Nikamwambia nilivyosoma, bila kusema "wewe", nikisema "mimi niliyetaka kuziweka kabatini". Akakaa kimya. Akanyanyuka akafungua kabati la juu, akashusha chupa tatu za Krismasi zenye kitambaa cha mirabamiraba. Akazitazama moja moja. Kisha akazitia mwenyewe kwenye mfuko wa taka na kufunga fundo.

"Mama yangu ndiye aliyenifundisha," alisema.

Nikamwambia, "Na mimi mama yangu ndiye aliyenikataza." Akacheka, akanishika mkono, akataka kujua nitafanya nini sasa.

Nilikuwa sijui bado. Lakini nikiwa nimekaa pale nimeona jambo moja: chupa haina kosa. Kosa ni kuitwisha kazi ya kuhifadhi. Kazi ninayotaka mimi ni ya kawa na sahani, ya kufikisha chakula mlangoni kikiwa kizuri.

Shaabani 20

Njia mpya. Keki inaokwa kwenye treya, inapoa, inakatwa duara, inapangwa chupani kwa tabaka, inakaa friji.

Treya moja ya sentimita 33 kwa 23: mayai 6, sukari gramu 180, unga wa ngano gramu 180, siagi gramu 60 iliyoyeyushwa, kijiko cha chai cha iliki iliyosagwa muda huo huo. Sitii vanila, maana ile ya kimiminika inayouzwa hapa aghalabu ina pombe, na iliki inatosha. Hakuna bekingi pauda. Nguvu yote iko kwenye kupiga mayai na sukari: dakika kumi kwa mashine, mpaka ukiinua mchapo rojo linadondoka kama utepe na utepe unakaa juu kwa muda kabla ya kuzama. Unga unachanganywa kwa mwiko, taratibu, kutoka chini kuja juu. Nyuzi 175, dakika 20.

Duara nimezikata kwa kikata cha sentimita 7. Treya inatoa kumi na mbili. Chupa inachukua tatu, kwa hiyo treya moja ni chupa nne, na milango kumi na minne inataka treya nne, mayai 24. Zinabaki duara sita na vipande vya pembeni, navyo havikai nyumba hii.

Tabaka za katikati zilinisumbua zaidi. Kwanza nilimwagia tui zito lenye sukari, kama tunavyofanya kwa keki ya nazi. Kwenye sahani ni tamu. Chupani halina pa kukimbilia, lote linashuka chini, na asubuhi duara la mwisho lilikuwa uji.

Shaabani 24

Nimepata tabaka. Mbili.

Moja ni nazi: nazi iliyokunwa, sukari, iliki, inakaangwa sufuriani bila mafuta mpaka maji yanakauka na nazi inaanza kung'aa. Ni ile ile wanayojazia sambusa tamu. Ya pili ni jamu ya nanasi: nanasi lililomenywa na kukatwakatwa kilo 1, sukari gramu 400, maji ya ndimu moja, karafuu tatu zinazotolewa mwishoni. Nimeipika mpaka kijiko kikipita chini ya sufuria kinaacha njia.

Nanasi linaleta ukali, nazi inaleta utamu, na kwa nje kupitia kioo unaona njano, nyeupe, njano. Nimeiacha chupa moja friji siku tatu nzima ndipo nikaila. Duara lilikuwa limenyonya jamu kidogo, bado linashika umbo. Siku tatu ndiyo kikomo changu, nitaandika kwenye karatasi ya kila chupa.

Ramadhani, chungu cha 2

Sitaki kumi la mwisho linikute nimeinamia oveni. Kwa hiyo nimeoka treya zote nne jana na leo, baada ya futari. Duara zimekatwa, zimefungwa tatu tatu kwa plastiki, kisha zikaingia mfuko mmoja wa friza. Keki ya mayai na siagi inastahimili friza mwezi bila shida ikifungwa vizuri.

Kuonja nilikuwa naonja usiku. Mchana nilijipima kwa pua, na iliki mtu anaweza kuipima kwa pua.

Chungu cha 9

Zawadi ya dada yangu. Keki ya friji haiendi Minneapolis kwa posta, basi yeye atapata chupa ya unga mkavu, aoke mwenyewe. Hii inakaa kabatini bila hofu kwa sababu hakuna unyevu, na bila maji kile kijidudu hakina cha kufanya.

Chupa ya mililita 946: unga gramu 250, bekingi pauda vijiko viwili vya chai na chumvi nusu kijiko vikiwa vimechanganywa na unga, sukari gramu 150, nazi kavu ya dukani gramu 60, iliki kwenye kikaratasi kilichokunjwa. Nazi iwe ile kavu kabisa, si ya kukuna nyumbani, maana unyevu wake utaharibu yote. Unga unatangulia chini, unaushindilia kwa kitako cha kikombe, kisha sukari, kisha nazi. Kadi inasema: ongeza mayai mawili, mafuta nusu kikombe, maziwa kikombe kimoja, oka nyuzi 175 dakika 35, kwenye chombo cha kuokea. Nimepiga mstari chini ya "chombo cha kuokea".

Chungu cha 15

Dada amepiga simu. Chupa imefika nzima lakini tabaka zimechanganyika zote. "Da' mkubwa, umeniletea mchanga wa Raskazone," alisema, akikumbuka ufuo wa kwetu Tanga. Keki yenyewe imetoka vizuri.

Nimeona kosa langu: juu ya nazi palibaki nafasi ya vidole viwili, na safari nzima vitu vilikuwa vinacheza. Ilitakiwa kujaza nafasi hiyo kwa karatasi ya kuokea iliyofinyangwa, ikazwe na kifuniko.

Chungu cha 27

Nimeandika karatasi za chupa kwa mkono, kumi na nne. Mbele: Idi Njema. Nyuma: ina ngano, mayai, maziwa, nazi. Weka friji. Iliwe ndani ya siku tatu. Chupa ukipenda irudi, ukipenda ibaki.

Maneno ya mwisho nimeyafikiria siku nyingi. Nisingependa mtu aone deni.

Mama amenikumbusha niulize kabla kama kuna nyumba isiyokula mayai. Nimepita, na kweli, nyumba moja ya Wanepali hawali. Wao nimewafungia nazi na jamu peke yake na biskuti za siagi, chupa ile ile.

Usiku wa 29

Hapa ndipo palipokuwa na mtihani. Keki ina siku tatu na mwezi hauna ratiba. Ningezipanga chupa jana, na tukikamilisha thelathini, siku moja imeliwa. Nikasubiri. Duara nilizitoa friza adhuhuri zikayeyuke ndani ya friji zikiwa bado zimefungwa, nazi na jamu zimepikwa upya tangu jana, chupa zimechemshwa na kukaushwa.

Baada ya magharibi simu zikaanza. Mwezi umeandama.

Watoto wakapanga mstari. Mkubwa anashusha duara, wa kati anatia nazi kijiko kimoja na nusu, mimi natia jamu na kufuta ukingo wa ndani kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu tone moja la jamu likikauka kwenye kioo linaharibu sura yote. Mdogo anakaza pete. Nimemkataza asikaze kwa nguvu, inatosha kifuniko kisitoke. Saa tano na nusu usiku friji imejaa chupa kumi na nne, na maziwa ya chai yamehamia dirishani kwenye baridi.

Idi mosi

Zimefika zote. Watoto walikwenda wawili wawili, na niliwasikia kwenye ngazi wakiambiana wasikimbie.

Mama wa Kikongo wa chini alifungua ya kwake hapo hapo mlangoni, akachota kwa kidole, akafumba macho. Baba mmoja mzee wa Kisomali aliigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha, akiangalia tabaka, kabla hajasema neno. Bibi wa mlango wa pili alikuwa amevaa gauni la kutokea na anatungoja. Ya kwake niliipeleka mwenyewe. Alisoma karatasi ya nyuma taratibu, akaenda moja kwa moja kuiweka friji, kisha akarudi akaniambia chupa hiyo ni ya katoni ya mama yake, anaijua kwa kovu lililoko kwenye kioo chini ya jina.

Mfungo mosi, siku ya 8

Hesabu: chupa tisa zimerudi. Mbili zimerudi zimeoshwa tu, tena zinang'aa. Ya Wanepali imekuja na achari ya figili, kali, yenye ufuta. Ya mama wa Kikongo ina pilipili ya kusaga, imo friji. Ya baba wa Kisomali ina tende. Moja mtoto aliiacha juu ya zulia letu la mlangoni ikiwa na penseli za rangi tatu na mchoro wa keki.

Ya bibi haijarudi. Jana nilipompitia niliiona juu ya meza yake, ametia maji na maua ya njano.

Kwa Idi kubwa nahitaji vifuniko vipya vitano, vya zamani vimeanza kutu ukingoni, na nanasi nitalipika na tangawizi badala ya karafuu.